Nyasi za Nyuma ya Banda la Kuku

Bombambili, Songea
Jioni, mkiwa mmekwenda kwa shangazi kuaga

Mwanangu Gaudensia,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya familia nzima wakiwemo kuku, nakutangazia rasmi kwamba leo asubuhi, mvua ilipokatika, baba yako mzazi, fundi baiskeli anayeheshimika katika mtaa huu, alikutwa nyuma ya banda la kuku amepiga magoti analamba majani. Shahidi ni Mama Mwajuma, jirani yetu, aliyekuja kuazima jembe. Alisimama pale kwenye kona ya banda, akatazama, akasema, "Baba Gaudensia, hiyo ni dawa au ni njaa?" Nikamjibu kwamba ni utafiti. Akasema, "Subhanallah," akaondoka bila jembe.

Nakueleza mapema kwa sababu habari yenyewe itakufikia tu. Mama Mwajuma ana ndugu kuanzia Tunduru mjini mpaka Nakapanya, na wote wana simu. Ukisikia huko Bahi, unakokwenda kuanza kazi, kwamba baba yako akili zimemruka, ujue kwamba jambo lina mwanzo wake, na mwanzo wake ni zile nyasi zako. Nitakueleza. Ila nitazunguka kidogo kabla ya kufika, kwa sababu njia ya moja kwa moja nimeijaribu wiki nzima na kila mara naishia kukuuliza kama umekula.

Mambo ya sweta, ya kutoacha begi lako kwa mtu usiyemjua, na ya kutafuta kigango kilicho karibu kabla Jumapili ya kwanza haijapita, siyaandiki. Mama yako ameyasema yote, na nadhani ameyasema tena njiani mkienda kwa shangazi. Mimi nabaki na yale ambayo hayamo kwenye orodha yake.

Unakumbuka siku uliyonifundisha habari za chumvi? Ulikuwa umetoka chuoni muda si mrefu, umekaa juu ya kreti la soda nje ya kibanda changu, mimi nahangaika na tairi la nyuma la baiskeli ya mwalimu mmoja. Zile ndoo zako za nyasi ndiyo kwanza zilikuwa zimefika, zimeoteshwa kutoka kwenye shamba la chuo lenye udongo wa chumvi, na mimi nilikuwa nimekuona asubuhi ukikoroga chumvi ya mawe kwenye maji na kuzimwagilia. Nilidhani umechoka. Nikakuuliza, kwa upole, kama kule chuoni walikuwa wakiwalisha vizuri.

Ukacheka. Ukasema, "Baba, huko ninakotaka kwenda kufanya kazi kuna ardhi nyeupe kwa chumvi. Ng'ombe wanapita juu yake wanaangalia chini, hawaoni kitu. Natafuta nyasi zitakazokubali kukaa pale."

Nikasema chumvi na maji vyote ni vitu vizuri, shida iko wapi. Ukasema, "Chumvi ikiwa nyingi kwenye udongo, maji yapo lakini mmea hauwezi kuyavuta. Udongo unayang'ang'ania. Mmea unakufa kiu huku miguu imeloa."

"Kama mimi kwenye harusi isiyo na pombe," nikasema.

"Baba, sikiliza bwana."

Nikasikiliza. Ulisema kuna mimea inayofunga mlango kwenye mizizi, inachuja, chumvi inabaki nje. Nikasema huyo ni shangazi yako. Ukasema kuna mingine inaiacha chumvi iingie, inaikusanya kwenye majani ya zamani, na yale majani yakishajaa inayadondosha. Nikasema huyo ni mama yako, anaweka, anaweka, halafu Jumamosi moja anadondosha yote mezani, hata la ile sahani niliyovunja kabla hujazaliwa. Ukacheka mpaka ukashika tumbo. Kisha ukasema, "Hizi nyasi zangu zina namna yake. Zinaipitisha chumvi ndani, halafu zinaitoa nje kwenye jani. Zinatoka jasho la chumvi. Ukiamka mapema utaona unga mweupe, ukilamba utajua."

"Na huyo hapa nyumbani ni nani?"

"Wewe, Baba. Kila kitu kinakutoka mdomoni."

Nilifurahi sana kuambiwa hivyo. Mwaka sasa unakaribia kuisha, na nimekuwa nikilirudia neno hilo kichwani, na kila nikilirudia linanichoma, kwa sababu tangu kiangazi nina jambo ambalo halijanitoka mdomoni.

Nikakuuliza tena, je, kiu yenyewe, mvua ikikataa kabisa, nyasi zinafanyaje? Ukasema nyingine zinajikunja jani likawa jembamba kama sigara ili jua lisilipate. Nyingine zinapeleka mzizi chini sana kufuata maji. Na nyingine, ukasema, na hapo ndipo yule mwalimu alipofika kudai baiskeli yake, na mimi nikaanza kumweleza kwa nini haijawa tayari. Wewe ukaendelea kunieleza, mimi nikaendelea kutikisa kichwa. Ulipomaliza ukaniuliza, "Umeelewa, Baba?" Nikasema nimeelewa vizuri kabisa.

Sikusikia hata neno, mwanangu. Huko uendako watu watakutikisia vichwa kila siku, wanaume na wanawake, wazee kwa vijana, na wengine watakuwa wanawaza ng'ombe wao. Mtu akikubali haraka mno, muulize tena. Mimi ningeulizwa tena nisingefika hapa nilipofika.

Sasa lazima nikupeleke Nakapanya, ingawa najua hadithi zangu za Tunduru umezichoka. Hii hujawahi kuisikia.

Unajua kwamba ujanani nilikwenda Tunduru kutafuta vito, na unajua kwamba sikupata kito. Nilichopata ni kibarua kwenye mikorosho ya mzee mmoja pale Nakapanya, Mzee Saidi, mtu wa dini na wa mzaha. Karibu na kibanda nilicholala kulikuwa na mkorosho mchanga. Mzee Saidi akanionyesha, akasema, "Mmatengo, huu wako. Uangalie." Alikuwa na maana kwamba mbuzi wasiutafune. Lakini mimi nimetoka milima ya Mbinga, ambako mvua ikichelewa kidogo watu wanaulizana nani kamkosea Mungu. Kuona mti mdogo umesimama kwenye mchanga mkavu, juani, bila hata tone, ilinishinda. Kila jioni nikawa naumwagilia maji yangu ya kuoga. Nilikuwa naoga mara moja tu kwa siku ili yale maji yawe mengi.

Ule mti ukapendeza kuliko yote. Mzee Saidi akipita anacheka, "Mmatengo, unaubembeleza kama bibi harusi." Kisha nikasikia kuna mawe yameonekana mahali, nikaenda kuchimba na wenzangu. Niliporudi, mkorosho wangu ulikuwa umekauka umekuwa kuni. Mingine yote, ile ambayo hakuna aliyeihurumia, imesimama kijani. Niliung'oa kwa mkono mmoja. Mizizi yake ilikuwa imejikunja hapo juu juu kama paka, inangoja jioni. Nikajaribu kung'oa mmoja wa ile mingine, mdogo kuliko wangu, haukutikisika.

Nilimwuliza Mzee Saidi maana yake nini. Akasema, "Mimi nitajuaje, bwana? Mimi nilipanda nikaenda zangu."

Basi nikajifundisha mwenyewe. Nikasema, mtu akikipenda kitu asikimwagilie kila siku. Nikarudi Songea na elimu hiyo, nikaoa nayo, nikakuzaa wewe, na siku ulipokwenda bweni kidato cha kwanza nikaitoa nikaitumia.

Zile Jumapili za wazazi kuwatembelea watoto, ambazo hukuniona, hazikuwa Jumapili za kukosa nauli. Najua mama yako alikuambia ni nauli. Alinihurumia mimi na alikuhurumia wewe, akatafuta neno la kutufaa wote. Nauli ilikuwepo. Nilikaa kibandani naziba pancha za watu huku nikijiambia kwamba mizizi yako inashuka. Baadaye nikasikia kwa mtoto wa Mama Mwajuma, mliyesoma naye, kwamba ulikuwa unakaa kwenye lile jiwe la getini mpaka wageni wanaondoka.

Mpaka leo sijui. Hilo ndilo linalonivuruga. Umekuwa binti imara, unakwenda peke yako mahali usipojua mtu, na huogopi. Ni kwa sababu sikuja? Au umekuwa imara pamoja na kwamba sikuja, na kama ningekuja ungekuwa imara vilevile, tena bila kukaa kwenye jiwe? Ningekuwa na mabinti wawili sawasawa, mmoja nimtembelee na mwingine nisimtembelee, kama unavyofanya wewe na ndoo zako, labda ningejua. Nilikuwa na mmoja. Ningeweza kuja mara moja moja, hilo walau nadhani nalijua, na halikunijia akilini kwa sababu niliona naweza kuwa wa maji ya kuoga au wa kukaa mbali, basi.

Kwa hiyo kiangazi kile, ulipoitwa Dodoma kushughulikia ajira na kuona kituo chako cha Bahi, ukanisimamisha mbele ya zile ndoo ukasema, "Baba, nikiwa huko usizimwagilie. Hata kidogo. Nataka nione zinastahimili kiu namna gani," mimi nilikuwa mtu sahihi kuliko wote Songea nzima. Nilikuambia, "Mwanangu, kutomwagilia ndiyo kazi yangu."

Na kweli sikuzimwagilia. Mama yako aliinua kata mara moja nikamwambia aishushe. Jua la mwezi ule unalijua, lile linalokausha mpaka nguo za ndani ya kabati. Nyasi zikajikunja, nikasema sawa, sigara. Zikawa za manjano. Nikasema zinatafakari. Zikawa za kahawia, kisha rangi ya mkeka wa zamani, na ukizigusa zinavunjika.

Na kule Bahi ulikuwa unanipigia simu una furaha mpaka sauti inapanda. Ulinieleza habari za yule mama mfugaji aliyekuonyesha eneo jeupe nyuma ya nyumba yake, akakuuliza, "Sasa binti yangu, hilo jani lako litaota hapa kweli, au ndiyo yale maneno ya semina?" na wewe ukamwambia, "Litaota, mimi mwenyewe nimelilea kwenye chumvi nyumbani kwetu." Ukaniuliza, "Zinaendeleaje, Baba?" Nikasema, "Ziko palepale."

Uliporudi ulizikuta za kijani. Ulirukaruka kama mtoto. Uliziinamia ukasema, "Mbona zimekuwa laini hivi?" Nikasema zimepumzika. Ukazirudishia maji yako ya chumvi kama zamani, na yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Ncha zikaungua. Zikanyauka kuanzia pembeni, ndoo moja baada ya nyingine, na mvua za kwanza ziliponyesha hapakuwa na kitu cha kunyeshewa.

Siku ile ulikaa pale bombani ndoo iko mbele yako, maji yanafurika, hufungi. Nikaja nikafunga. Ukasema bila kuniangalia, "Labda mwanzo nilikosea kupima chumvi, Baba. Labda hazijawahi kuvumilia chochote, mimi ndiye nilikuwa natamani." Nikasema usiseme hivyo. Ukasema, "Nimemuahidi mtu. Nitakwenda mikono mitupu nimwambie nilikosea. Na kama hata hili sikulijua, ninakwenda kuwafundisha nini?"

Nilisimama pale na mkono wangu umeshika koki iliyofungwa tayari. Nilikuuliza kama umekula.

Tangu siku hiyo hujazitaja tena. Umefunga begi bila zile karatasi zako za vipimo. Nimeziona kwenye kapu la kuwashia moto nikaziondoa, ziko katikati ya nguo zako upande wa chini, usiniulize. Umekuwa ukiniambia kwamba kazi ni kazi, utafundisha mambo ya kalenda ya kupanda na kadhalika. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda kumwambia yule mama kwamba ulikosea.

Sasa nimefika. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Kiangazi kile, ilibaki siku moja urudi kutoka Dodoma. Mama yako alisimama mlangoni akazitazama zile ndoo akasema, "Mtoto anakuja kukuta makaburi." Nikamwambia ni mtoto mwenyewe aliyesema zisimwagiliwe. Akasema, "Basi mweleze hivyo," akaingia ndani. Mimi niliamini nimeziua. Mara ya kwanza niliua kwa maji, mara hii nimeua kwa kunyima maji, na mara zote mbili nilikuwa na uhakika. Na kwa sababu sikuwa na akili nyingine, nikafanya kile ambacho Mmatengo yeyote hufanya akiona majani makavu: nikayazika.

Unazijua zile ngolo zangu ndogo nyuma ya banda la kuku, ambazo mama yako huzicheka, za kunikumbusha kwetu. Kule milimani marehemu bibi yako alitufundisha kufyeka majani, kuyalaza kwa mistari inayokatana, na kuyafunika kwa udongo, katikati shimo, pembeni tuta, ili mvua isiondoe kitu na majani yaoze yalishe maharage. Kwetu sisi nyasi ni kitu cha kufunikwa. Nikazitoa nyasi zako kwenye ndoo na mizizi yake na udongo wake, nikazilaza kama nilivyofundishwa, nikafukia. Nilifukia vizuri, kwa heshima. Nilisema hata Baba Yetu, sijui kwa nini.

Kisha nikachukua jembe na baiskeli nikaenda kwenye mtaro wa barabara, pale chini maji machafu yanapopita, nikang'oa nyasi za kijani zinazofanana nazo. Nikazipandikiza kwenye ndoo zako. Mama yako alipoziona alisema, "Mimi simo." Nilidhani zitakufurahisha siku mbili tatu, halafu nitakueleza taratibu. Ulipoziinamia ukicheka, nikaona hapana, nitakueleza kesho. Kesho hiyo ikawa hivi leo.

Nyasi ulizozimwagilia chumvi zikafa zilikuwa nyasi za mtaroni, Gaudensia. Zilikuwa hazina kosa na wewe ulikuwa huna kosa. Hukukosea kupima.

Na bado haijaisha, kwa sababu mvua zikanyesha. Nikaenda nyuma ya banda kupanda maharage kwenye ngolo, nikakuta kitu kimetangulia. Majani membamba, makali, yametoboa tuta pale pale nilipozika. Nikasema ni magugu. Nikaenda kulala, usingizi haukuja. Kesho yake, ukiwa unakula, nikakuuliza kama mtu anayeuliza habari za mpira, "Hivi siku ile ulisema mimea inayokwepa kiu inafanya nini? Inajikunja, inapeleka mzizi chini, na nini tena?"

Hukuinua hata macho. Ukasema kwa uchovu, "Inalala, Baba. Huku juu inakauka yote, unadhani imekufa. Kumbe chini, kwenye shina, iko hai inasubiri. Nilikuambia." Mama yako akaniangalia. Nikanawa mikono ugali ukiwa nusu.

Ningekuambia pale pale. Lakini niliogopa nisije nikakosea mara ya tatu, nikakupa matumaini ya magugu. Kwa hiyo nikachukua shina moja nikaliweka kwenye ndoo, nikalificha nyuma ya banda, nikakoroga chumvi kama nilivyokuona ukikoroga, nikamwagilia. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia kama limekufa. Halikufa. Juzi niliona vumbi jeupe kwenye jani, nikasema ni unga wa kuku. Leo mvua ya alfajiri iliosha kila kitu, isipokuwa pale chini ya upenu wa banda ambako haifiki, na kwenye jani kulikuwa na punje zinang'aa. Sikuwa na kipimo kingine. Nikapiga magoti.

Ilikuwa chumvi. Nilipokuwa narudia jani la pili ili nipate uhakika, ndipo Mama Mwajuma alipofika na habari za jembe.

Bado sielewi vizuri, nakwambia ukweli. Sielewi kitu kinajuaje kulala bila kufa, wala mtu aliyesimama nje atajuaje kwamba hiki kimelala na hiki kimekufa. Sielewi nilipaswa kumwagilia au kuacha, kule Nakapanya, au pale getini kwenye lile jiwe. Wewe umesomea, labda siku moja utanieleza tena, na safari hii mwenye baiskeli atasubiri.

Kwa nini nakuandikia badala ya kukuambia usoni, nadhani umeshanijua. Ungelia, mimi ningekuuliza kama umekula.

Kesho alfajiri nitakuambia kwamba ile ndoo nyeupe yenye mfuniko, nitakayomsihi utingo akuache uishike miguuni, ni maharage ya mama yako, na kwamba barua hii usiifungue mpaka mfike Makambako. Kama utakuwa umenitii, basi hapo unaposoma fungua mfuniko. Nimeutoboa matundu kwa bisibisi ili zipumue. Mashina yote yaliyoota yamo, na udongo wao wa ngolo. Upande wa kushoto, lililofungwa uzi mwekundu wa mpira wa baiskeli, ndilo lile lililokunywa chumvi.

Ukitaka uhakika, usiniamini mimi. Lamba. Ila angalia kwanza aliyekaa siti ya pembeni ni nani.

Baba yako